Shauri Hukatwa Wapi? Kazi za Idara ya Siasa ya Chuo Kikuu na Faida Yake kwa Chama cha Msingi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi katika semina ya elimu ya ushirika, mjini Tabora. Yamechapwa ili wanachama ambao hawakuhudhuria wayapate, na ili makatibu waweze kuyasoma kwa sauti katika mikutano ya vyama vyao.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Makatibu, Ndugu Wajumbe na Wanachama,

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza moyoni: sisi tuna mizani, tuna tumbaku na asali, tuna mikopo ya pembejeo inayotunyima usingizi, idara ya siasa iliyoko mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa reli inatuhusu nini?

Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa ufupi kabla ya kulieleza kwa urefu. Elimu ya siasa, ikivuliwa joho lake, ni elimu ya kuuliza maswali manne: shauri limekatwa wapi, limekatwa na nani, kwa idhini ya nani, na nani atakayebeba hasara likiwa baya. Katibu wa chama cha msingi hukutana na maswali hayo kila kamati inapoketi. Tofauti iliyopo ni kwamba mwalimu wa Chuo Kikuu huyauliza juu ya dola na mataifa, ninyi huyauliza juu ya ghala na fedha za wakulima. Kwa hiyo ninyi na wao ni watu wa kazi moja, na yafaa mjuane.

IDARA HII NI IPI?

Chuo Kikuu chetu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi hawakufika hata 15, na somo lililokuwapo lilikuwa moja tu, Sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kisha kikahamia kule kilimani ambako hata leo watu hupaita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka hiyo ya kwanza ndipo masomo ya siasa yalipoanza kufundishwa, na wanafunzi wake hawakuwa Watanzania peke yao. Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda, alisoma siasa na uchumi hapo mwishoni mwa miaka ya 1960. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, na vyama vingi vya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi mjini humo. Kwa mwanafunzi wa siasa za kimataifa, somo lilianzia nje ya mlango wa darasa.

Kazi za Idara ni za namna tatu. Ya kwanza ni kufundisha, na wengi waliopita hapo wamekuwa maafisa tawala, mabalozi, wabunge na waandishi wa habari. Ya pili ni kutafiti na kuchapa. Tangu mwaka 1971 Idara imekuwa na jarida lake liitwalo The African Review, linaloshughulika na siasa za Afrika, maendeleo na mambo ya mataifa. Ya tatu ni kuchunguza jinsi wananchi wanavyotumia haki zao, hasa katika uchaguzi. Juu ya hiyo ya tatu nitasimama kidogo, kwa kuwa ina mafunzo kwetu.

Mwezi Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU, mmoja akipewa alama ya Jembe na mwingine alama ya Nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Walimu wa Chuo Kikuu walitoka wakaenda majimboni. Walisikiliza mikutano, walihoji wapiga kura, wakaandika waliyoyaona, na kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe kikatoka mwaka 1967. Uchaguzi wa mwaka 1970 nao ulichunguzwa namna hiyo hiyo na kuandikiwa kitabu chake.

Miongoni mwa walioshindwa mwaka 1965 alikuwamo Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Sina haja ya kuwaeleza wanaushirika Bomani alikuwa nani. Ndiye aliyewaongoza wakulima wa pamba wa Usukuma katika miaka ya 1950 kujenga umoja wa vyama vyao, Victoria Federation, uliokuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Wapiga kura wa Mwanza walijua yote hayo, na hata hivyo walimpa kura mtu mwingine. Nawataka makatibu wakumbuke jambo hili kila wanaposikia kiongozi akisema kwamba chama ni chake kwa kuwa alikianzisha. Wanachama humheshimu mwasisi, lakini kura hawamwekei rehani.

Baada ya nchi kurudia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, Idara ilianzisha mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia, unaojulikana kwa jina la REDET. Chini ya mpango huo watafiti wamekwenda wilayani kuuliza maoni ya wananchi na kuendesha mikutano ya elimu ya uraia, na kwa kushirikiana na asasi nyingine wameshiriki kuangalia chaguzi kuu tangu ule wa mwaka 1995. Ikiwa kijana mwenye daftari na karatasi za maswali amewahi kufika kijijini kwenu kuuliza nani anaaminiwa na nani haaminiwi, huenda alitoka huko.

TABORA ILIPOKATA SHAURI

Sasa turudi nyumbani. Wapo wanaodhani kwamba siasa na mambo ya mataifa yaliletwa Tabora na gari la moshi. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Miaka mingi kabla yake, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya Afrika Mashariki. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa. Kutoka hapa tawi moja likaenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, na jingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda bara. Na tusiseme nusu ya habari: njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza lolote.

Wapagazi wengi, hata hivyo, walikuwa watu huru, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Walikwenda pwani wakati wa kiangazi na kurudi kulima mvua zilipokaribia. Msafara wao ulikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na bendera, ambaye alipata cheo chake kwa kuijua njia na kuaminiwa na wenzake. Kulikuwa na mapatano juu ya ujira, uzito wa mzigo na posho ya kila siku. Posho ilipokosekana, wapagazi waliweka mizigo chini, wakakaa kambini na kujadiliana na mwenye mali. Wazungu wengi waliosafiri katika njia hiyo waliandika vitabuni mwao malalamiko marefu juu ya jambo hilo, na wakaliita uvivu au ukaidi. Mwanafunzi wa siasa akisoma malalamiko hayo leo huona jambo jingine: watu waliokuwa na desturi ya kushauriana, wenye kujua haki yao na wakati wa kuidai. Wanahistoria wa siku hizi wameyaandika hayo kwa kirefu. Mwanachama wa ushirika hahitaji kuelezwa mara mbili, maana chama chake kimejengwa juu ya desturi ya namna hiyo.

Mfano wa pili ni Mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, akafunga njia ya Ujiji. Sababu zake hazikuwa za vita peke yake. Biashara ilipita katika nchi yake, naye alitaka hongo, yaani ushuru, na sehemu ya haki katika faida. Stanley, ambaye wakati huo alikuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi kuzunguka kwa njia ya kusini. Miaka iliyofuata Mirambo aliendesha mambo yake na mataifa kwa uangalifu mkubwa. Alituma wajumbe Unguja, aliandikiana na balozi wa Uingereza, John Kirk, aliwapokea wamisionari Urambo na kuwatumia kuandika barua zake. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika vita vyake, na urafiki ule na balozi ukavunjika. Mirambo akafariki mwaka 1884, na dola yake haikudumu sana baada yake.

Kwa nini haikudumu? Majibu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo ni jepesi kuelewa. Mashauri yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Alijua mapatano yake na kila mtemi, kila mfanyabiashara na kila mgeni. Alipoondoka, elimu hiyo ikaondoka naye. Chama ambacho mikataba yake yote imo kichwani mwa katibu mmoja, hata akiwa mwaminifu na hodari namna gani, kinaishi katika hatari hiyo hiyo.

Mfano wa tatu ni wa Januari 1958, TANU ilipofanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura ilimlazimu kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake ni bure. Juu ya hayo yaliwekwa masharti ya kipato na elimu yaliyowafungia nje Waafrika wengi. Wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kuukataa uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma katika shule ya serikali ya hapa Tabora na kufundisha St. Mary's ya mji huu huu, alihoji kwamba kususa kungewaachia wapinzani uwanja mtupu. Ubishi ulikuwa mkali. Mwishowe mkutano ulikubali kushiriki, na shauri hilo likabaki katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Ndugu Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitoa na kuanzisha chama chake. Katika chaguzi za mwaka 1958 na 1959 wagombea wa TANU na walioungwa mkono nayo walitwaa takribani viti vyote, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Watu husimulia habari hiyo kana kwamba busara ilikuwa ya mtu mmoja. Mimi naona busara ilikuwa pia katika utaratibu. Wajumbe waliitwa, walifika, walisema kinyume cha uongozi bila kufukuzwa ukumbini, wakasikiliza hoja, wakapiga kura. Aliyeshindwa alijua ameshindwa na hoja gani. Laiti shauri lile lingekatwa chumbani na watu watano na kutangazwa kwa waraka, hata kama lingekuwa shauri lile lile neno kwa neno, nchi isingelibeba kwa moyo mmoja.

MASHAURI YALIYOKATWA MBALI

Mkoa huu umepokea pia mashauri yaliyokatwa mbali nao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa na misitu ikang'olewa. Wakulima wa Urambo, walioijua mvua na udongo wao, hawakuwa na kiti mezani. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Ardhi iliyofyekwa ndiyo baadaye iliyoingizwa katika kilimo cha tumbaku, zao ambalo hadi sasa wengi wenu mnalisomeshea watoto.

Hasara ile ilikuwa ya wageni. Ya mwaka 1976 ilikuwa yetu wenyewe, nayo inauma zaidi. Vyama vyetu vina asili ndefu; sheria ya kwanza ya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kikaandikishwa mwaka uliofuata. Baada ya Uhuru vyama vilienea upesi sana, vingine vikiwa havina wanachama wenye kuelewa wala makatibu wenye kufundishwa. Malalamiko yakawa mengi: mizani isiyo ya kweli, malipo ya kuchelewa, ndugu kuajiriana. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza. Katika miaka hiyo hiyo John Saul, aliyekuwa mwalimu wa siasa Chuo Kikuu, aliandika juu ya vyama vya mazao na kuuliza swali lisilopendeza: katika chama kinachosemwa kuwa ni cha wakulima wote, ni wakulima gani hasa wanaokitawala?

Swali hilo lilitakiwa lijibiwe ndani ya vyama. Halikujibiwa vya kutosha. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, na kazi zake zikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka za mazao. Hakuna mkutano mkuu wa wanachama uliopigia kura shauri hilo. Mkulima wa tumbaku akawa anauza kwa mamlaka ambayo hakuichagua na wala hakuweza kuiondoa. Miaka sita ikapita kabla ya sheria mpya ya mwaka 1982 kuviruhusu vyama vikuu kurudi. Na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alisema hadharani kwamba kama angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika.

Ndugu wanachama, nawaomba mliangalie jambo hili pande zote mbili. Ni kweli kwamba shauri la kuvunja vyama lilikatwa bila ninyi. Ni kweli vilevile kwamba vyama vingi havikupata watetezi wa kutosha, kwa kuwa wanachama wake walikuwa wamechoka kuibiwa. Chama ambacho mwanachama wake hajui hesabu zake hakina mtu wa kukisemea siku ya mashaka. Basi ulinzi wa chama dhidi ya amri kutoka juu huanzia katika uaminifu wa mizani yake chini.

Yapo na mashauri yanayokatwa mbali zaidi, nje ya nchi, na hapa ndipo somo la mambo ya mataifa linapoingia ghalani. Desemba 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo dhidi ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, na tumbaku ilitajwa kwa jina. Wanunuzi waliozoea kununua Salisbury walitakiwa kutafuta kwingine. Shauri lililokatwa New York kwa ajili ya haki ya Waafrika wa kusini lilikuwa pia shauri juu ya zao la Urambo. Mfano ulio karibu zaidi ni mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliokubaliwa Geneva mwaka 2003, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Wengi wameusikia kama mkataba wa kupunguza uvutaji. Wachache wameambiwa kwamba ibara yake ya 17 inazitaka nchi kuwasaidia wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata shughuli nyingine zenye faida, na ibara ya 18 inahusu kulinda mazingira na afya za watu katika kilimo hicho. Ninyi mnaoona miombo ikipungua mwaka hadi mwaka kwa kuni za kukaushia tumbaku mna jambo la kusema juu ya ibara hizo mbili. Lakini hawezi kudai ahadi asiyejua kwamba iliahidiwa.

MIPAKA YA ELIMU HII

Sikuja hapa kuwauzia Chuo Kikuu kama dawa ya kila ugonjwa. Elimu ya siasa ina mipaka, na anayeitumia yampasa kuijua.

Mwezi Oktoba 2010, kabla ya uchaguzi mkuu, REDET ilitangaza matokeo ya kura ya maoni yaliyompa mgombea aliyekuwa madarakani zaidi ya asilimia 70. Kura zilipohesabiwa alishinda kweli, lakini kwa kiasi kilichozidi asilimia 60 kwa kidogo tu, na mpinzani wake mkubwa alipata mara mbili na zaidi ya kiasi alichokadiriwa. Kumuuliza mtu atampa nani kura na kumwona akipiga kura ni mambo mawili. Mtu aliyeulizwa na mgeni mwenye daftari hupima kwanza maneno yake.

Tena idadi peke yake haikati shauri. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyozunguka nchi mwaka 1991 kuuliza kama tubaki na chama kimoja au turudie vyama vingi, iliwakuta takribani watu wanane katika kila kumi wakitaka chama kimoja. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, pamoja na sababu nyingine, ili wale wachache nao wapate nafasi yao. Mwenyekiti wa mkutano mkuu wa chama akumbuke hilo anapotaka kufunga mjadala upesi kwa kuwa wengi wamekwisha inua mikono. Wachache wakisikilizwa na hoja yao ikaandikwa, chama hakipotezi kitu. Wakinyamazishwa, watakisema chama nje ya mkutano.

Upungufu mwingine ni wa lugha. Vitabu na majarida niliyoyataja yameandikwa kwa Kiingereza. Mkulima huulizwa kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi kwa msaada wa mkalimani, kisha majibu yake huvuka kwenda katika lugha ambayo hawezi kuyasoma tena. Nasema wazi kwamba hilo si haki. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtafiti akija akaondoka, na mwenyeji akabaki na vumbi la gari tu, wenyeji watachoka kumpokea, nao watakuwa na sababu.

YATUPASAYO

Nimalizie kwa mambo matano ambayo kila katibu anaweza kuyaanza bila kusubiri fedha wala waraka.

Kwanza, kitabu cha kumbukumbu za mikutano kiandikwe kama ushahidi. Haitoshi kuandika kwamba "wajumbe walijadili na kukubaliana". Iandikwe nani alitoa hoja, ni hoja gani iliyopinga, waliokubali ni wangapi na waliokataa ni wangapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na shauri bila daftari hupotea vivyo hivyo, kisha likafufuka kwa sura nyingine kinywani mwa mwenye nguvu.

Pili, kila mkataba wa chama, uwe wa mkopo wa pembejeo, wa mauzo au wa usafirishaji, usomwe kwa wanachama kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi. Kama bei ni ya dola, katibu aeleze itabadilishwa kuwa shilingi siku gani na kwa kiwango cha nani. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inautambua mkutano mkuu kuwa wenye mamlaka ya juu kabisa katika chama. Mkutano usioelezwa hauna mamlaka, una mahudhurio tu.

Tatu, mtafiti akifika, apokewe kwa heshima na aulizwe kwa heshima. Aonyeshe barua yake ya utambulisho. Aeleze anatafuta nini, majina ya wanaomjibu yatalindwaje, na matokeo yatarudi lini na kwa lugha gani. Ahadi yake iandikwe katika kitabu cha chama. Mwanachama asiyetaka kujibu asilazimishwe, wala kamati isimchagulie mtafiti watu wa kuhojiwa, kwa maana atakayesifiwa na watu aliowachagua mwenyewe hajapimwa.

Nne, chama kikuu kiandike kwa Idara, na vilevile kwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kuomba muhtasari wa Kiswahili wa kila utafiti uliofanywa katika vyama vya mkoa huu. Wanachuo wengi huandika tasnifu juu ya tumbaku, asali, mikopo na uongozi wa vyama. Tasnifu hizo zikilala maktabani, jasho lao na muda wenu vimepotea pamoja. Elimu, mafunzo na habari ni mojawapo ya kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa na Muungano wa Ushirika wa Kimataifa mwaka 1995. Basi kuomba muhtasari huo ni kutimiza kanuni, na asione haya anayeandika barua.

Tano, vyama viulize. Msingoje kuulizwa tu. Kama mnataka kujua kwa nini vijana hawajiandikishi uanachama, au kwa nini wanawake wanaolima na kuchambua tumbaku ni wachache katika kamati, hilo ni swali la siasa, na wapo watu waliosomeshwa kwa fedha ya umma ili wasaidie kulichunguza. Andikeni swali, lijadiliwe mkutanoni, lipelekwe.

Ndugu Mwenyekiti, watu wa njia hii ya zamani waliwahi kukata shauri lao kambini, na waliwahi kukatiwa shauri na watu wasiowajua. Hali zote mbili zimo katika historia ya mkoa huu, na zote mbili zinaweza kurudi. Chuo Kikuu kinaweza kutusaidia kuzitambua mapema, lakini hakiwezi kuhudhuria mkutano mkuu kwa niaba yetu. Msimu huu, kabla ya robota la kwanza kupanda mizani, kila katibu na afungue kitabu cha kumbukumbu za mwaka uliopita, awasomee wanachama mashauri yaliyokatwa, kisha awaulize: je, haya mliyakata ninyi?

Jibu watakalotoa liandikwe.